Gitaa Lililozeeshwa

Mzee Salem alikuwa afe siku ya Ijumaa, na hakufa. Hospitali ilikuwa imewaambia wanawe wamrudishe nyumbani, kwa maneno yale ya upole ambayo kila mtu anajua maana yake, na nyumba ile ya Kibokoni ikafanya kama inavyofanywa. Yasini ilisomwa kichwani pake. Maji ya zamzam yalitiwa mdomoni kwa pamba. Sanda na karafuu maiti vilinunuliwa vikafungiwa kabatini, na jirani mmoja alikwisha kwenda kuazima masufuria makubwa. Alhamisi alasiri mzee alikuwa akikoroma, pumzi moja sasa na nyingine baada ya kitambo, na watu wakiangaliana kila ilipochelewa.

Hapo ndipo Nasser, mwanawe wa kiume, alipoinua macho ukutani. Juu ya kitanda, kwenye msumari wake wa miaka mingi, lilikuwa limetundikwa gitaa.

"Roho yamtoka kwa tabu," alisema. "Malaika wa rehema wataingiaje humu na lile dude liko pale?"

Tusimlaumu Nasser peke yake. Ni mtu wa dini, aliyaamini aliyoyasema, na alimpenda babake kwa njia yake ya kuja kumwamkia kila Ijumaa na kuondoka kabla chai haijapoa. Lakini amri ya nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya Shariffa, dadake, aliyerudi kwao baada ya mumewe kumwacha na akabaki hapo mama alipofariki. Miaka sita, tangu sukari impofue mzee, ni Shariffa aliyemwogesha, aliyemchoma sindano, aliyemkata kucha. Chumba kizima kikamgeukia yeye. Na Shariffa, ambaye siku tatu hakuwa ameweka ubavu chini, akapanda kitandani, akalitungua gitaa kwa mikono yake, akampa nduguye.

"Litoeni," alisema. "Hana haja nalo tena."

Nasser akatoka nalo. Jumamosi asubuhi Mzee Salem alifumbua mdomo akaomba uji.

Waliokuja kuzika walikunywa kahawa wakaenda zao, wengi kwa furaha, na wengine, Mungu atusamehe, kama watu waliopotezewa wakati. Masufuria yakarudi kwa wenyewe. Shariffa akaifunga ile sanda ndani ya shuka kuukuu, akaisukuma nyuma kabisa ya kabati, akajiambia yamekwisha.

Siku ya tano mzee alipata nguvu za kuketi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunyoosha mkono nyuma yake, akapapasa ukuta mpaka akaukuta msumari mtupu.

"Gitaa langu li wapi?"

"Liko kwa fundi, Baba. Nyuzi zilishika kutu."

Uongo ule ulimtoka kabla hajaufikiri, kama mtu anavyoinua mkono kujikinga na kofi. Ukishatoka umetoka. Basi angesema nini? Kwamba walikwisha kuanza kuisafisha nyumba kwa ajili ya maiti yake, na yeye maiti yuko hai? Kwamba neno la mwisho lilikuwa lake yeye Shariffa? Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na cha kujivunia mbele za watu. Alichokuwa nacho duniani ni radhi ya baba yake, na aliona kwamba angeipoteza kwa sentensi moja.

Tangu siku hiyo mzee akawa anauliza kila asubuhi, baada ya sindano, kabla ya chai.

"Fundi keshamaliza?"

"Bado, Baba."

"Haya."

Ile haya aliisema kwa upole, bila ya kununa wala kusukuma. Shariffa aliichukia kuliko matusi. Angegombezwa angejua la kufanya.

Alimwendea Nasser amwambie gitaa liko wapi, na Nasser akakuna kidevu. Alikuwa ameliegemeza kando ya pipa la taka, pale barabara inapoingia Makadara. Ijumaa alfajiri alipopita kwenda kuswali hakuliona. Shariffa alilitafuta wiki nzima. Aliuliza kwa wauza vitu vikuukuu Mwembe Tayari, akaenda kwa wanunua vyuma upande wa Kibarani, akauliza hata kwa wauza vinyago wa Ngome ya Yesu, ambao humuuzia mgeni chochote kilichochakaa. Mmoja wao alimwonyesha zeze. Basi akarudi nyumbani na vumbi lake.

Sasa gitaa lenyewe. Lilikuwa gitaa la umeme la shingo fupi, aina iliyotengenezwa Amerika zamani kwa ajili ya wanafunzi na watu wa vidole vidogo. Wapigaji wakubwa waliliona la kitoto. Salem alikuwa karani wa forodha, mfupi, mwenye viganja kama vya mtoto wa chuo cha Kurani. Mwaka wa sabini na tatu, Mbaraki, baharia mmoja alitaka kuliondosha, na Salem alipolipakata tu akajua kwamba, kama kanzu, ameshonewa yeye. Alilipiga miaka thelathini kwenye harusi za mji. Wako akina bibi leo, wenye wajukuu, waliotolewa kwao kwa sauti ya gitaa lile.

Ya namna hiyo hayatengenezwi tena. Hutengenezwa mfano wake: kiwanda hurudi kwenye ramani za zamani kikayatoa upya, mwaka huu kwa namna hii, mwaka ule kwa namna nyingine. Shariffa hayo hakuyajua. Aliyajua Dishon Tsofa, fundi wa ala mwenye chumba kidogo nyuma ya duka la mshonaji huko Mwembe Tayari. Mtu wa Kaloleni, mpigaji wa kanisani siku za Jumapili, na ndiye aliyekuwa akimbadilishia Mzee Salem nyuzi tangu macho yalipokwisha. Shariffa alikuwa amemweleza yote, na wiki ya sita Dishon akampigia simu aje.

"Karibu, Bi Shariffa. Aonaje hali mzee?"

"Alhamdulillahi. Yuwauliza kila siku kama umemaliza."

Dishon hakucheka. Alifunua kitambaa juu ya meza. Yalikuwepo magitaa mawili, yote ya shingo fupi, yote mekundu, ya umbo lile lile.

"Kuna Mjerumani alikuwa na baa Mtwapa, kafunga, karudi kwao. Kaniachia haya niyauze. Yote mawili ni mfano wa lile la mzee. Nimezipima shingo kwa uzi, hazina tofauti hata ya ukucha."

Akalishika la kwanza. Lilimeta kama sahani ya harusini. "Hili wamelifuata la zamani kwa ndani," alisema. "Mbao zile zile, na hivi vya kukamatia sauti chini ya nyuzi wamevifunga kwa mkono kama walivyofunga wazee wao. Sikiza." Alilichomeka kwenye spika akapiga kidogo tu, vidole vitatu vinne. Shariffa alilazimika kuketi. Ilikuwa sauti ya utotoni mwake, ya mamake akipepea jiko uani na babake akijaribu nyimbo barazani kabla ya kwenda harusini.

"Na hili hapa wamelifuata kwa nje."

La pili lilikuwa limechakaa. Rangi ilikuwa imelika pale mkono wa mpigaji hukaa, vyuma vimeshika kutu, kingo zimemeguka, na nyuma ya shingo mbao ilikuwa tupu, laini, imesuguliwa na kiganja cha miaka.

"Hili ni la zamani," alisema Shariffa.

"Lina miaka minne. Halijapigwa na mtu. Limetoka kiwandani hivi hivi. Kuna watu huko kazi yao ni kuyazeesha. Huyapiga msasa, huyamwagia dawa vyuma vioze, huyagonga kwa funguo. Na hili ndilo la bei kubwa."

Shariffa aliona wendawazimu wa watu hauna mwisho, lakini mkono wake ulikwisha kulifikia. Alifumba macho. Alilipapasa la kwanza: baridi, telezi, kingo kali, na harufu ya rangi mpya ikampanda puani. Kipofu asingehitaji hata dakika moja. Alilipapasa la pili, na kidole gumba chake kikaingia nyuma ya shingo pale palipokuwa patupu, kikatulia.

"Sauti yake?"

"Si mbaya. Nyembamba kidogo."

"Nitamwambia fundi kabadilisha kitu."

Dishon akayarudisha yote mawili mezani. Alikuwa mtu wa maneno machache na alionekana kuyatafuta. "Bi Shariffa, kama wataka shauri langu, chukua jipya. Mtilie mkononi. Atajua papo hapo si lake. Umwambie, Baba, lile halipo tena, nimekuletea hili. Sauti ni yake. Atalia kidogo, kisha atapiga."

"Akiniuliza lile limekwenda wapi?"

"Umwambie."

"Umwambie, umwambie. Wewe una baba?"

"Ninaye. Yuko nyumbani Kaloleni."

"Ungemwambia ulimzika yu hai?"

Fundi alifikiri kweli, si kwa kumridhisha mtu. "Sijui," alisema.

"Basi nifungie hili."

Hapo angesimama. Angelichukua gitaa lake la kuzeeshwa akaenda nalo, na pengine mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini uongo una tabia ya mgeni mbaya: ukishampa mkeka ataka mto. Gitaa la babake lilikuwa na alama ya moto kichwani, karibu na vile vya kukazia nyuzi. Enzi zake Salem alikuwa mvutaji, na akipiga alikuwa akiichomeka sigara kwenye ncha ya uzi, akaisahau, ikaunguza mbao. Alama ile ilikuwa ya upana wa punje ya hindi, na shimo lake kidole kililijua. Shariffa alimwomba Dishon aiweke.

Dishon alitikisa kichwa. "Mimi kazi yangu kutengeneza. Hilo utanisamehe."

Basi akaifanya mwenyewe. Alishuka mpaka nje ya Ngome ya Yesu, ambako watembezaji wageni na wauza kanga hawakumjua, akanunua sigara moja akiwa ndani ya buibui lake, mwanamke wa miaka arubaini na saba, na muuzaji akamtazama chini mpaka juu. Alipanda nayo darini mchana kweupe baba akiwa amelala. Aliiwasha, akakohoa mpaka machozi, akaibonyeza kwenye mbao na kuhesabu. Mara ya kwanza alama ilikuwa ndogo. Akaibonyeza tena. Kisha akalikwaruza shimo kwa pini ya mtandio ili lisiwe jipya mno, akalipaka majivu, akalipangusa, akalifukiza gitaa zima udi ule ule uliokuwa ukifukizwa chumbani kwa mzee. Alifanya kazi nzuri. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa uangalifu kama ile, na nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu laiti robo ya uangalifu ule angeutia katika kutafuta maneno manne ya kweli, angeyapata.

Alimpelekea baada ya swala ya alasiri. Mzee alikuwa ameketi kitandani, kofia kichwani, mikono mapajani.

"Baba, fundi amemaliza."

"Ah," alisema Mzee Salem. "Lete."

Alimpakatisha. Spika ya zamani ilikuwa bado pembeni chini ya kitambaa, akaiwasha, ikavuma, ikatulia. Mzee hakupiga mara moja. Mikono yake midogo ilianza safari. Ilipita kwenye kingo zilizomeguka, ikapita palipolika rangi, ikashika shingo kwa nyuma na kuteleza juu na chini, juu na chini. Shariffa alikuwa amesimama mlangoni ameuma ncha ya mtandio. Mkono ukapanda mpaka kichwani pa gitaa. Kidole gumba kikakutana na ule moto, kikaingia shimoni, kikakaa.

Kilikaa pale muda mrefu. Kisha mzee akashuka kwenye nyuzi akapiga.

Alipiga wimbo mzima. Vidole vilikuwa vizito, vikakosa hapa na pale, vikarudia, lakini ulikuwa wimbo, wa kumtoa bibi harusi, ule wa polepole ambao wanawake huuitikia kwa vigelegele vya chini. Shariffa alitokwa na machozi. Aliegemea mwimo wa mlango kwa shukrani, akasema moyoni Mola amenisitiri. Aliliona shimo alilokuwa akilikimbia wiki sita, akaliona liko nyuma yake.

Sauti ya mwisho ilipokwisha, mzee aliufunika uzi kwa kiganja.

"Zuri," alisema kwa Kimvita chake cha wazee. "Limefanana sana. Vidole vyangu havingeyua."

Shariffa hakuelewa. Au alielewa na akakataa. "Limefanana na nini, Baba?"

"Ndoo, keti," alimwita.

Hakuweza kusogea. Mzee akasema naye pale pale aliposimama, uso wake umeelekea dirishani kama ulivyokuwa ukielekea siku zote.

"Ile Alhamisi nali nikisikia. Kunena siwezi, mkono kuuinua siwezi, lakini mashikio yali mazima. Nimeisikia Yasini. Nimemsikia Nasser na malaika wake. Nikakusikia nawe ukipanda kitandani, goti lako likanigusa ubavu. Nikasikia ulilolisema."

"Baba, naomba..."

"Ngoja. Hilo nalikusamehe pale pale. Mtu akichoka huchoka, nami nali nimekuchosha. Hata mimi nali nikiamini nafa. Nilipoamka nikasema, atanambia. Leo hakuweza, atanambia kesho. Kila siku asubuhi nikikuuliza nali nikikufungulia mlango uingie. Siku moya haikukuelekea? Hata siku moya?"

Shariffa alishuka chini akawa amepiga magoti sakafuni, akaikamata miguu ya mzee. Alilia kwa sauti, alimwomba radhi, alimwambia yote sasa, pipa la taka na Mwembe Tayari na Kibarani na Mjerumani wa Mtwapa, maneno yakimwagika bila mpango. Mzee Salem alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuuvuta mguu wake.

"Na huu moto," akauliza, kidole gumba kimerudi kichwani pa gitaa, "umetiwa na nani? Fundi?"

Angeweza kusema ndiyo, na mzee asingejua. Nampa haki yake: hakusema.

"Mimi, Baba."

"Kwa sigara?"

"Kwa sigara."

"Wee, ambaye moshi wake tu ulikuwa ukikupigisha chafya." Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na Shariffa alikuwa akiomba kwa roho yake yote awe nayo. "Kulitoa ukutani ni neno la mara moya, laweza kumtoka mtu yeyote. Hili ulikaa ukalifikiri. Ukaniweka mbele ya mato yako ukapima: huyu kipofu tumpitie wapi."

Akamrudishia gitaa. Radhi hakuinyima, aliitamka kwa mdomo wake, radhi yangu unayo, kama mzazi Mwislamu anavyopaswa kutamka, na akamwambia anyanyuke sakafuni asije akaumwa magoti. Shariffa akalitundika gitaa kwenye msumari. Akamwosha uso baba yake, akamchoma sindano ya jioni, akaenda jikoni kwa sababu hakuna pengine pa kwenda.

Baada ya magharibi aliandaa wali na mchuzi wa changu, akaiweka sahani mbele ya mzee kama kila siku, akamshika mkono kumwonyesha ukingo. Miaka sita kipofu yule alikuwa amekula chochote kilichotoka mkononi mwa bintiye, amemeza kila kidonge, amevaa kila kanzu aliyoambiwa ni safi, na hajauliza kitu.

"Nini hiki?" aliuliza Mzee Salem.

"Wali, Baba. Na changu. Miba nishaitoa yote."

"Haya," alisema mzee kwa upole ule ule. Kisha akaingiza vidole vyake vidogo sahanini, akaanza kuipapasa nyama ya samaki, pande kwa pande, kutafuta miba.